Mtani Wangu Alipoingia Kwenye Filamu ya Tuzo

Wiki niliyoaga kazini, mkuu wa kituo aliniomba niwaandikie vijana wa redio yetu kurasa chache za kuwatia moyo. Nilimuuliza kwa nini mimi, wakati kazi yangu yote ilikuwa kuwavunja watu moyo kila Jumamosi baada ya taarifa ya habari. Akacheka, akadhani namtania. Basi nimekaa hapa barazani kwangu Kihonda, mchicha nimeshaumwagilia, naandika. Anayetafuta habari za kupandishwa vyeo akasome kwingine. Vyeo nilivyopewa mimi vilinitoa kwenye kiti kibovu na kunipeleka kwenye kiti kibovu kilicho karibu na dirisha.

Nilianza kwa kusoma matangazo ya vifo. Siku ya kwanza nilivaa kitenge kipya na viatu vya kuazima, nikiamini naenda kuwa mtangazaji maarufu. Nikakabidhiwa bunda la karatasi. Nafasi yenyewe ilikuwa imepatikana kwa sababu aliyenitangulia aliwaelekeza waombolezaji Dumila wakati msiba ulikuwa Ngerengere, na watu walikwenda na wali wao mpaka huko wakakuta soko la nyanya. Nikaambiwa nisome taratibu, nisikosee jina wala mahali, na hata nikimjua marehemu, nisilie. Nililishika hilo la mwisho vizuri mno. Nilikaa miaka mingi nikisoma majina ya majirani, ya walimu wangu, hata la shemeji yangu, kwa sauti ile ile ya kutangaza bei ya mbolea. Watu wakasema nina roho ngumu. Wakubwa wakasema nina kipaji.

Aliyenitoa kwenye vifo ni Mzee Kibwana, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akichambua filamu. Macho yake yalianza kuingia ukungu, akahitaji mtu wa kukaa naye ukumbini na kumwambia kinachoendelea kwenye pazia. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nilikuwa nasimulia mambo bila kuyapenda. Nilidhani ananitukana. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananiajiri.

Mzee Kibwana ndiye aliyenifundisha kukaa kiti cha nyuma kabisa. Alisema filamu iko kwenye pazia lakini habari yake iko kwenye visogo vya watu. Kisogo kilichotulia kinatazama. Kisogo kinachoinama kinasoma simu, au enzi hizo, kinakula karanga. Mtu akicheka mabega yanapanda, na akilia shingo inazama. Anayejifanya analia ili mchumba wake amwone, huyo kichwa chake kinageuka kidogo kuhakikisha. Tulikaa hivyo kwenye mabanda ya video ya Mji Mpya, kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, mimi nikimnong'oneza ya kwenye pazia na yeye akiniuliza habari za visogo. Kipindi chetu kikaitwa Kiti cha Nyuma. Alipofariki, nikakirithi kipindi, na kimto chake cha kukalia, ambacho vijana nimewaachia kabatini. Msikifue. Kitafumuka.

Vifaa vingine ni vichache. Beba kanga, maana kumbi za siku hizi zina viyoyozi vya kugandishia nyama. Kalamu iache mfukoni, kwa sababu ukiandika gizani kila aliye karibu nawe ataanza kutazama unachoandika badala ya filamu aliyoilipia. Na usikubali soda ya prodyuza kabla filamu haijaisha. Baada ya hapo kunywa tu, wakati huo atakuwa ameshakuchukia.

Sasa lazima nimtaje Bi Mwanahawa, maana bila yeye kisa changu kikubwa hakipo. Bi Mwanahawa alikuwa mkulima wa Kinole, huko juu milimani, mwenye iliki na ndizi. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na kwa sisi Waluguru utani si mzaha wa kupitisha muda. Mtani ana kazi. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha wakati hutaki kucheka. Anavaa nguo ya marehemu, anamwigiza sauti na mwendo, anamtukana maiti kwa uvivu, na akitaka anakalia njia jeneza lisipite mpaka apewe anachodai. Huruhusiwi kukasirika. Mgeni akiona hivyo hukimbilia kumwita mjumbe wa nyumba kumi.

Bi Mwanahawa alikuwa akishuka na mzigo wake sokoni, na akishauza anapita kwenye geti la redio kunisalimia. Salamu zenyewe walinzi walizisubiri kuliko mshahara. Alikuwa akisimama pale na kuuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kama yule Zuhura bado analipwa kwa kununa. Mimi nilikuwa natoka na kumwambia ndizi zake zimefanana naye, zimeiva nje ndani zimeoza. Ananikabidhi iliki, namkabidhi sukari, anaondoka akinitukana. Ilikuwa hivyo kwa karibu miaka yangu yote ya kipindi. Sikumbuki hata siku moja tuliyoongea kwa heshima.

Miaka michache kabla sijastaafu, kikundi cha filamu kutoka Dar kilipanda Kinole. Mwongozaji alikuwa kijana anaitwa Kelvin, mpole, mwenye ndevu chache alizozitunza kama miche. Walikuwa wamekuja na mwigizaji wao wa kucheza bibi wa kijijini, lakini bibi huyo wa Dar aliteleza kwenye utelezi wa siku ya kwanza, akapanda gari na kurudi alikotoka. Wakamwomba Bi Mwanahawa. Nyumbani kwake walishangaa alipokubali, kwa sababu mama yule hakuwa akitaka kurekodiwa. Mjukuu akiinua simu, yeye anafunga mdomo na kugeuka ukutani. Alipoulizwa mbona hawa amewakubalia, alisema ile ni kazi, ya simu ni umbeya.

Alipopita getini kwangu baada ya hapo alijitangaza kuwa yeye sasa ni nyota, na kwamba siku ya filamu nitakuja kumkosoa nikiwa nimepiga magoti. Nilimwambia nitaandaa matango ya kumtupia. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuonana naye. Homa ilimchukua msimu wa mvua, njia ya Kinole ikiwa tope tupu. Jina lake nililisoma mwenyewe redioni, kwa sauti ile ile. Kisha nikapanda, nikavaa kanga zake, nikatembea kama yeye na kuongea kama yeye mbele ya waombolezaji, nikidai kwamba nimekataa kuzikwa mpaka niuze iliki zangu. Watu walicheka mpaka wakalia. Binti yake, Asha, alicheka kuliko wote. Alinishika mkono akasema nimeipata kabisa ile sauti.

Filamu ilichelewa kutoka, kama filamu zote zinazojiheshimu. Ilipotoka, jina lake likawa Fundi wa Safari Ndefu, na kabla watu wa Morogoro hawajaiona ikateuliwa kuwania tuzo kubwa. Kimojawapo cha vipengele ilivyowania ni ubora wa sauti. Sijaongeza kitu hapo. Mji mzima ukapandwa na fahari. Wenye maduka ya nguo waliweka bango lake dirishani, na watu ambao hawajawahi kupanda hata nusu ya mlima wakaanza kuuita mlima wetu.

Ikaoneshwa kwenye ukumbi wa chuo kule Mazimbu. Nilifika mapema na kimto changu. Mistari miwili mbele yangu alikaa Asha na ndugu zake, wameshuka kutoka Kinole kwa siku hiyo tu, wamevaa kama wanakwenda harusini. Aligeuka akanipa shikamoo, akasema wamekuja kumsikia mama. Picha zake wanazo, alisema, lakini sauti hawana hata moja, na mtoto wake mdogo ameshaanza kusahau bibi alikuwa akiongeaje.

Filamu inamhusu fundi cherehani anayesafiri mikoani akitengeneza vyerehani na kubeba salamu za watu kutoka mahali hadi mahali. Wazo zuri, nalisema bila kejeli. Utekelezaji ulikuwa kazi ya watu waliotazama ramani wakiwa wameishika juu chini. Fundi anashuka treni Ngerengere, mara yuko Dumila anakula mahindi ya kuchoma, mara amerudi nyuma kupanda Uluguru, yaani amepita mjini Morogoro mara mbili bila kuuona. Amepanda mlima wa tope na cherehani kichwani akiwa na raba nyeupe, na raba zikafika juu zikiwa nyeupe. Kila akifika nyumba ya mtu anatazama mbali kwa muda mrefu. Walioiteua filamu waliuita ukimya wenye uzito. Visogo vya Mazimbu viliuita nafasi ya kujibu meseji.

Lakini mikono ya yule mwigizaji ilikuwa ya fundi kweli. Alitunga uzi kwenye sindano kama mtu aliyekaa na cherehani utotoni, na alipokuwa akifikisha salamu za mtu kwa mtu alizisema kwa utaratibu, bila haraka, kana kwamba amebeba mayai. Hapo visogo vilitulia. Mzee Kibwana angeniuliza, na ningemwambia vimetulia.

Mwishoni fundi anafia milimani, kwenye nyumba ya bibi aliyekuwa akimtengenezea cherehani. Maiti imelazwa mkekani. Bi Mwanahawa anaingia, na kanga yake ile ile niliyoivaa mimi msibani. Akaufungua mdomo, na humo ikatoka sauti nyembamba ya mwanamke wa Dar, safi kama ya tangazo la sabuni, ikilia kwamba mwanangu umetuacha, nani atatushonea maisha yetu.

Watu walilia, niseme kweli. Shingo zilizama ukumbi mzima. Kisogo kimoja tu kilinyanyuka. Asha alisimama, akabaki amesimama kwenye mwanga wa pazia, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kumwambia akae.

"Huyo si mama," alisema.

Hakusema kwa nguvu. Ndugu yake alimvuta mkono akakaa. Nje, baada ya filamu, wakati watu wanapiga picha na bango, alinifuata akaniuliza sauti ya mama yake imepelekwa wapi, na kama wameitupa. Aliniuliza mimi kwa sababu nafanya kazi redioni, na kwa mtu wa Kinole redioni ndiko sauti zinakokaa. Nilimwambia nitauliza.

Jumamosi hiyo Kelvin alikuwa mgeni wangu kwenye kipindi, moja kwa moja hewani. Alikuwa ameomba mwenyewe, akisema ni heshima kuchambuliwa nyumbani kwa filamu. Aliingia studio na shikamoo nzuri na boksi la keki. Nilimkaribisha, nikaisifu filamu yake. Nikasema sijawahi kuona raba imara kama zile, na nikamuuliza zimetengenezwa kiwanda gani. Nikampongeza kwa kufupisha safari ya Dumila na Kinole, nikasema wakala wa barabara wangependa kuonana naye. Alikuwa akishukuru kila mara. Nadhani mpaka hapo alikuwa anaamini mambo yanakwenda vizuri.

Kisha nikamuuliza habari za bibi kwenye msiba. Alieleza kwa uungwana. Bibi alikuwa na uso wa ajabu, alisema, ila hakufuata maandishi. Walimpa maneno ya kulia, yeye akaingia akaanza kumtania maiti. Walirudia mara nyingi, na kila mara anatania. Pia lafudhi yake ilikuwa nzito ya Kiluguru, wakaona watazamaji wa nje hawatamwelewa. Kwa hiyo waliita mwigizaji akaweka sauti nyingine studio.

"Nilitaka watu walie, mama," alisema. "Yeye alikuwa anaharibu msiba."

Nyuma ya kioo mkuu wa kituo alikuwa akinionesha saa, maana tangazo la saruji lilikuwa linasubiri. Nilimwambia Kelvin kwamba huyo bibi hakuharibu msiba. Alikuwa mtani, na alikuwa akifanya kazi yake pekee aliyoijua msibani, kwa watu ambao hawakumlipa hata kwa kumuuliza kwa nini anatania. Nikamwambia kwamba ameshafariki, kwamba binti yake hana sauti yake hata moja, na kwamba mimi pia ni mtani wake. Mtani anaweza kukalia njia jeneza lisipite. Leo mimi nimeikalia filamu yake. Sitaichambua, sitaisifu wala kuiponda, na sitakiacha kipindi kiende mbele mpaka aahidi hewani kumpa Asha ile sauti waliyoifuta.

Kelvin akatabasamu kama mtu anayesubiri kuambiwa ni mzaha. Nikanyamaza. Redioni ukimya ni kosa kubwa kuliko tusi, na mimi niliuacha uendelee. Simu za wasikilizaji zikaanza kuwaka. Wa kwanza alipiga kutoka Matombo, akajitambulisha kuwa naye ni mtani wa marehemu, akasema anashuka na mkeka aje kuikalia filamu pamoja nami. Wa pili wa Mkuyuni aliuliza kama kijana ana mama, na kama mama yake akifa angependa aongelewe na mwanamke wa sabuni. Mwingine alisema tu kwamba anasubiri. Mkuu wa kituo aliacha kuonesha saa akakaa chini.

Kelvin alishika kichwa. Sitamsema vibaya, maana hakukasirika. Alisema hakujua. Alisema sauti zote za siku ile zipo, hakuna kilichotupwa, na ataileta mwenyewe.

Vijana, hilo ndilo kosa ninalotaka mlione. Yule kijana alipanda mpaka Kinole kutafuta ukweli, akaukuta umesimama mbele yake umevaa kanga, akauambia ukatulie studio Dar ukajifunze kulia. Mtakutana nalo mara nyingi, kwenye filamu na kwenye habari. Mkiona mtu anacheka mahali mlipopanga alie, msikimbilie kumrekebisha.

Alitimiza ahadi. Alikuja na kompyuta yake wiki yangu ya mwisho kazini. Asha aliitwa, akaja na yule mtoto wake mdogo, tukakaa wanne kwenye studio ndogo. Kwanza ukasikika upepo na jogoo wa mtu. Kisha mlango, kisha Bi Mwanahawa mwenyewe, na ule ukwaruzo wake, na yale maneno anayoyaburuza mwishoni kama mtu anayevuta gunia.

"Amka wewe, mvivu. Umekuja kwangu kulala? Cherehani yangu bado inaruka mishono, nawe umejinyoosha hapo kama bwana harusi. Amka umalize, ndipo ufe."

Mtoto alimtazama mama yake akasema ni bibi. Asha alifunika mdomo kwa mtandio, akacheka kama alivyocheka msibani. Kelvin alikuwa anatazama sakafu. Alisema polepole kwamba alikuwa na haya maneno muda wote.

Mrekodi sauti wao alikuwa amesahau kuzima. Ukasikika mtu anasema wamemaliza, kisha Bi Mwanahawa akaendelea, sasa si kwa filamu. Akawaambia wamwinue yule kijana aliyelala, ardhi ina baridi, wampe kanga yake ajifunike. Halafu akasema hivi, na nayaandika kama yalivyo kwa sababu nimeyasikiliza mara nyingi tangu hapo:

"Na hii ikifika mjini, ataitazama yule mtani wangu wa redioni, Zuhura. Atasema ni mbaya. Huyo hata dunia alipozaliwa aliitazama akasema ni mbaya. Mwambieni mimi kazi yangu nimemaliza, na yeye aache sasa, mdomo wake umechoka. Aje kwangu akae. Ila aje na sukari. Akija mikono mitupu, simfungulii. Na asijifanye kunililia, namjua, machozi alinyimwa."

Wote walinigeukia. Ukitaniwa, ukoo wetu hujibu. Nilijifanya natafuta miwani, ambayo ilikuwa usoni, na nikamuuliza Kelvin kama anataka chai.

Kipindi changu cha mwisho niliiacha filamu ipite. Nilisema ni ndefu, raba ni safi mno, mikono ya fundi ni ya kweli, na mwigizaji bora humo hakusikika. Tuzo ilipotolewa, Fundi wa Safari Ndefu ilishinda kipengele kimoja tu, cha ubora wa sauti. Kelvin alinipigia kunieleza, na mara hii hakushukuru. Aliuliza kama anaweza kuirudisha ile sauti ya kwanza kwenye filamu. Nilimwambia aombe ruhusa Kinole, na aende kwa miguu, na raba zile zile.

Nilipokabidhi funguo za studio, siku iliyofuata nilipanda Kinole. Nilibeba kilo mbili za sukari, maana kilo moja angenisema. Njia ilikuwa imekauka lakini nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Asha alifungua mlango. Niliitikia shikamoo yake kwa marahaba, nikauinua mfuko, nikamwambia sikuja kwake, nimekuja kwa mama yake, na mama yake alisema atanifungulia mwenyewe.

Asha alinivutia kigoda, akatoa simu kwenye pindo la kanga, akaiweka mezani na kubonyeza. Bi Mwanahawa akaanza kunisema upya, pale pale kwenye sebule yake, kuanzia kuzaliwa kwangu. Nilitaka kumjibu, ndiyo sheria. Maneno yalikuwepo, nimeishi kwa hayo maneno. Hayakutoka. Nililia na mfuko wa sukari mapajani, kwa mara ya kwanza tangu siku ile niliyoambiwa nisilie nikisoma majina ya watu, na mtani wangu akaendelea kusema kwamba machozi nilinyimwa.